Mama Yako Anauliza Sufuria Linasemaje

Mke mwenzangu Siwema,

Wewe mtoto huna haya. Kwani Kimara ni ng'ambo? Watu wanatoka Masasi na kuku kwenye tenga, wanalala njiani, wanafika kwangu Keko kuku yuko hai anawika. Wewe wa Kimara hufiki. Mfungo umeingia umetoka. Idi tumekula, sahani yako nimeifunika mpaka wali ukachacha. Mvua zimenyesha uani pakawa bwawa, zimekatika, vumbi limerudi, unyayo wako hatujauona. Watu wakiniuliza, "Bi mkubwa, yule mjukuu wako mrefu yuko wapi siku hizi?" nasema kasafiri. Umri huu unanifanya mwongo wa barazani.

Salamu sijakuandikia, na ni makusudi. Ipo hapa, nimekuwekea, njoo uichukue.

Kalamu siijui, hilo unalijua. Anayeandika ni Mama Shufaa, fundi cherehani wa mlango wa pili, na nimemuapisha asipunguze neno wala asilainishe. Alitaka aanze na "natumaini uko salama." Nikamwambia acha hiyo, huyo yuko salama, asiye salama yuko ndani kwangu. Akimaliza ataitupia kwenye lile grupu la ukoo kwenye simu, wajomba waisome, shangazi zako waisome, hata wale wanaoingiaga asubuhi kutuma picha za maua na kutoka waisome. Ukiandikiwa peke yako unajifanya hujaona.

Maana juzi nilipiga, akapokea kitukuu changu. Nikamwambia mpe mama yako simu. Kakajibu, "Mama amesema niseme hayupo." Nilicheka, Siwema. Nilicheka mpaka Mama Shufaa akasimamisha cherehani. Halafu nikaona nashika simu huku nalia, na mtoto wa watu anauliza, "Bibi, mbona unahema?"

Sasa nisikilize. Mama yako hataki kula. Hilo ndilo lililonitoa kwenye kigoda changu nikaenda kumsumbua jirani na kazi yake. Mengine yote humu ni njia ya kufika hapo.

Nakurudisha wodini. Najua hutaki, lakini twende. Ulikuja na mfuko wa machungwa, ukasimama miguuni pa kitanda. Mama yako kapooza mkono wa kulia na mguu wa kulia, mdomo umevutwa upande. Ukamwambia, "Mama, unanijua?" Akakutazama, akasema, "Napita tu." Ukarudia, "Mama, mimi nani?" Akasema, "Gundi haijashika." Ukayaweka machungwa juu ya shuka, ukanivuta mpaka kwenye korido, ukaniambia maneno ambayo mpaka leo yananiwasha kama upupu. "Bibi, mama ameshaondoka. Aliyebaki pale ni kasuku."

Ukashuka ngazi. Ndiyo ikawa mwisho.

Sikukujibu siku ile kwa sababu nilikuwa na bakuli la mkojo mkononi. Leo mikono ni mitupu, nakujibu.

Unakumbuka gundi ilivyoingia kwenye nyumba hii, au na hiyo umeifukuza kichwani? Babu yako alikuwa fundi viti. Kiti akishakiunga gundi, alikifunga miguu na mipira ya baiskeli iliyochanwa, anakiweka kivulini, anasema kiacheni kilale. Baba yako alipokuja kumposa mama yako, alikuja na shati jeupe na mshenga nyuma yake, wala hakusubiri kukaribishwa. Akaona kiti kipya kinang'aa. Ile mipira akadhani takataka, akaifungua kwa mikono yake mwenyewe, akakalia. Miguu ya kiti ikaenda kila mmoja na kwao. Posa ikawa chini, shati limeshika vumbi la mbao na vanishi. Babu yako akatoka na randa mkononi. Badala ya kusema pole, akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia, "Gundi haijashika, wewe!"

Toka hapo ikawa yetu. Ukiuliza wali umeiva, gundi haijashika. Mtu kapata mimba changa anataka kutangaza, gundi haijashika, fumba mdomo. Ulipotuletea yule kijana wako wa Buguruni aliyenukia marashi mpaka nzi wakahama, mama yako alikutazama kando, akakuambia hiyo hiyo, ukanuna. Na baba yako alipobeba begi lake akaondoka, wewe hata meno ya mbele hujabadilisha, babu yako aliniambia chumbani, "Nilimwambia siku ya kwanza." Maskini mzee. Alidhani ni kiti peke yake alichokuwa anakisemea.

Sasa pale wodini ulimuuliza mtu aliyeamka jana kutoka kwenye kiza, "Mimi nani?" Kichwa chake kimeungwa upya, hakijakauka. Angekujibu nini zaidi ya hilo? Alikuambia subiri, mwanangu, usinikalie. Wewe ukakalia. Ukafungua mipira, ukakalia, kisha ukasema kiti ni kibovu.

Nisamehe. Mama Shufaa ananitazama. Lakini nimesema asipunguze.

Yule kijana wa mazoezi alipokuja kumsimamisha mara ya kwanza, alimshika kwapani akamwambia, "Haya mama, tusimame, moja, mbili." Mama yako akapiga kelele, "Gundi haijashika!" Kijana akanigeukia na huruma. "Pole, bibi. Wanachanganyikiwaga hivi." Nikamwambia, "Aliyechanganyikiwa ni wewe. Mguu hauna nguvu, anakuambia ungoje." Akaushika mguu, akaubonyeza, akaona kweli unatetemeka. Akamlaza. Toka siku ile akija anauliza mlangoni, "Mama, gundi vipi?" Na mama yako, siku akiweza, anainua ule mkono mzima anaupepea, kama wa kusema tujaribu. Mtu baki kajifunza kuongea naye, Siwema. Mtu baki.

Na "napita tu" je? Hiyo umekua nayo. Mdogo wake babu yako, Mungu amrehemu, alitokea kwetu na kimkoba cha kwapani. Akasimama kizingitini hata viatu havui, "Shemeji, napita tu." Alipita mpaka mtoto wa jirani aliyezaliwa wiki ile akaanza kutembea. Akila, anasema napita tu. Akinyoa ndevu kwa kioo changu, napita tu. Alipoondoka nilimlilia, maana nilishamzoea, na toka hapo kila kinachong'ang'ania kikawa napita tu. Mafua, kukatika umeme, mgeni anayevua viatu na soksi. Mama yako alikuwa akimuona mgeni wa soksi ananiminyia jicho, "Mama, napita tu," mie nakimbilia jikoni kuongeza maji ya ugali.

Wewe ulisimama miguuni pa kitanda, yeye akakutazama, akakuambia kuhusu huu ugonjwa: mwanangu, huyu kavua soksi. Huyu haondoki leo. Alikuwa anakutania! Kinywa kimepinda, mate yanamtoka, na bado anakutania usiogope. Daktari alipopita na wanafunzi wake akasema hali hii itaisha polepole, mama yako akadakia, "Napita tu," mie nikacheka kwa sauti, muuguzi akanikaripia eti hapa ni hospitali si sokoni. Kasuku gani huyo anayejua wapi pa kuchekesha?

Kuna jingine sikukuambia, maana ulishaondoka. Wale wauguzi walipokuwa wanamgeuza ubavu ili asipate vidonda, alifumba macho akasema, "Nimechoka mpaka kwenye nywele." Unajua hayo ni maneno ya nani? Yako. Ulikuwa na umri wa kuanza shule, umetoka kucheza kombolela jua kali, ukajitupa kwenye mkeka wangu ukasema hivyo. Babu yako akacheka akaweka chini chai. Wiki haikuisha kila mtu humu ndani anachoka mpaka kwenye nywele. Wazee wazima! Mengine yote yalitoka juu yakashuka chini, kwa mama yangu, kwa babu yako. Hilo lilitoka kwako likapanda. Na mama yako alipovunjiwa ghala la maneno, kila kitu kikaibwa, jina langu likaibwa, jina lake mwenyewe likaibwa, neno la maji, neno la dawa, neno la choo yote yakachukuliwa. Hilo lako lilibaki.

Unaniambia kasuku.

Mie nilikuwa wa kwanza kuzaliwa kwetu Newala, kule juu ambako maji yako bondeni. Tulishuka na mtungi mtupu tunaimba, tunapanda na mtungi umejaa hakuna anayefungua mdomo. Mama yangu akimuona mtoto anachezea maji, kofi la mgongo, "Maji yamepanda mlima haya!" Nilipokuja mjini nikakuta bomba, nikamwagia maua ya jirani kwa furaha, lakini neno sikuliacha. Nimemlea nalo mama yako. Ukibakiza chakula, maji yamepanda mlima. Ukichezea ada ya shule, maji yamepanda mlima. Na yule wa marashi alipokuacha ukalia humu ndani mpaka macho yakawa kama nyanya, mama yako alikushika kidevu. "Futa uso. Maji yamepanda mlima haya, humwagii mwanaume." Nilikuwa mlangoni, nikasema moyoni, mama, njoo usikie huku maji yako yamefika wapi.

Mwezi uliopita nilikaa pembeni ya kitanda chake hapa nyumbani, nimeshika kikombe cha uji uliopoa, nimeshindwa. Nikalia. Si kulia kwa heshima, kulia kwa makamasi. Nikasikia mkono wake mzima unatambaa kwenye shuka, unanitafuta, ukanishika kidole. Na kile kinywa kilichopinda kikatoa, polepole, kama mtu anayevuta kamba kisimani, "Maji… yamepanda mlima… haya."

Siwema, mwanangu alinifariji kwa maneno ya mama yangu. Mama yangu hajawahi kukanyaga mji huu. Niambie nani kaondoka hapo. Mie naona wote walikuwapo chumbani, ila wewe.

Sasa nafika penyewe.

Lipo moja silijui. Mie, mwenye nyumba hii, mwenye maneno haya, lipo moja silijui.

Baba yako alipoondoka mama yako hakutaka kurudi kwangu. Kiburi alikirithi kwa babu yako. Akapanga chumba Mtoni, akawa anakaanga samaki anauza sokoni Tandika, wewe ukitoka shule unajifungia ndani mpaka arudi. Nilimgombeza. Nikamwambia mtoto wa kike peke yake na mlango wa komeo moja, una wazimu? Akaniambia, "Mama, tuna yetu. Hafungui kwa mtu mwingine." Jioni moja nikamfuata nyuma na kapu langu la mihogo. Tukafika kwenye ule ukumbi wa wapangaji. Hakugonga, hakupiga hodi. Akasogeza mdomo kwenye mlango akasema, "Mwenye nyumba, sufuria linasemaje?"

Wewe ukajibu kitu kule ndani. Kisauti kidogo. Jirani yenu alikuwa kafungulia taarabu mpaka ukuta unatikisika, sikuambulia. Mama yako akasikia, akacheka, uchovu wote ukamtoka usoni namuona, komeo likalia, mlango ukafunguka. Mlipokuwa mnakula nikamuuliza, "Mnaambianaga nini nyie?" Akaniambia, "Hiyo ya sie wawili, mama. Hiyo haina bibi." Nikajidai kununa. Kwa kweli nilifurahi. Nyumba ikianza kuwa na neno lake imeshasimama, haina mume haina nini, imesimama.

Basi toka tumemtoa hospitali, kila magharibi, mafundi wa barabarani wakishaanza kufunika mbao zao na adhana ikishalia, mama yako anageuza shingo kuelekea mlangoni. Anauliza. "Mwenye nyumba, sufuria linasemaje?" Haipotezi hata herufi, anaitoa yote sawasawa, kama hakuwahi kuugua. Kisha anangoja. Na akingoja hafungui mdomo kwa kijiko.

Mwanzoni nilidhani njaa, nikamwambia, "Linasema karibu, mwanangu." Akanitazama akageukia ukuta. Kesho yake nikasema limeiva. Nikasema limebaki la kwako. Nikasema linachemka, linasema samaki, linasema ugali, linasema Bismillahi ule. Nimejibu kila kinachojibika. Nilileta sufuria lenyewe nikamwekea mbele nikalipiga na mwiko, mie mtu mzima, nasema haya lisikilize mwenyewe. Alilia. Mama Shufaa naye, Mungu ambariki, alitoka nje, akabana sauti kama mtoto, akaita kutoka kwenye ukumbi, "Linasema mama ingiaaa!" Mama yako akamtazama mlango ulipofunguka, lile jimama limebana pua, akasema, "Napita tu." Tulicheka watatu. Yeye pia, nusu ya uso. Nikawahi na kijiko nikidhani hapo hapo. Akafunga meno.

Zamani ilikuwa magharibi tu, asubuhi alikubali uji vijiko kadhaa. Sasa na asubuhi hataki. Nadhani kwake haijawa asubuhi bado, bado yuko mlangoni pale Mtoni na kapu la samaki kichwani, anangoja kufunguliwa. Bangili zake nimezivua, zilikuwa zinamtoka zenyewe zinaanguka chini ya kitanda. Mifupa ya shingoni imesimama, vishimo vyake unaweza kukingia maji. Nikimwogesha namkumbuka alivyokuwa mtoto mchanga, alikuwa mnene huyu, mikunjo ya mapaja nilikuwa naifungua kwa kidole kumpaka poda. Nimemzaa mie. Najua uzito wake. Nikimnyanyua sasa mikono inashtuka.

Daktari amesema asipokula arudishwe wodini apitishiwe mpira puani. Alisema mbele yake, kama yuko mbele ya kabati. Alivyotoka mama yako alikuwa ameshika upindo wa kanga yangu, na hakuuachia mpaka akalala.

Nilikupigia nikakuuliza. Hiyo siku ulipokea mwenyewe. Sikukulaumu, sikukugombeza, nilikuuliza kitu kimoja tu, "Mama yako akisema sufuria linasemaje, unamjibuje?" Ukanyamaza. Nikasikia unavyopumua. Kisha ukakata.

Aliyesahau husema nimesahau, Siwema. Aliyekumbuka ndiye hunyamaza.

Unaogopa, najua. Sie wa ukoo huu tukiogopa tunakuwa na kazi nyingi. Unaogopa utamjibu, akutazame kama mtu asiyekujua, aulize tena, na tena, na lile jibu lenu liishe thamani mdomoni mwako. Ukikaa Kimara, angalau bado unalo, zima, kama lilivyokuwa. Nakuelewa. Babu yako alipofariki nilikaa muda mrefu sitaki kuingia karakana yake, ile harufu ya mbao nilihisi nikiingia itanitoroka.

Nikuambie ukweli, sijui kukuambia kingine. Huenda ikawa hivyo. Huenda ukamjibu na asikujue. Huenda akala leo, kesho akafunga mdomo. Sikuahidi mama mzima. Huyo ameenda kweli, aliyekuwa anakugombeza kwenye simu na kukuuliza umekula nini, na mie namlilia kila siku nikiwa natwanga. Lakini kuna mtu ameachwa pale, Siwema, na maneno machache mkononi, na kwa hayo machache anamwita mtu mmoja tu. Hamwiti daktari, haniiti mie niliyemzaa. Kila magharibi anachagua swali lile lile, na linakwenda hadi mlangoni linarudi peke yake.

Kwa nini lisiwe langu? Nimeliwaza hilo, usidhani mie malaika. Nimejiuliza mbona asishike jina langu, mbona Mungu asinilaze mie pale, niliyekwisha kula chumvi nyingi, amuache yeye aendelee. Astaghfirullah. Mama Shufaa, futa hapo. Hapana, acha. Na Mungu naye asome.

Nimechoka, mke mwenzangu. Mgongo hauniamki. Mikono inatetemeka, nusu ya uji unaishia kwenye kanga. Nikimwangalia anavyongoja, naona aibu kama mtu aliyepewa funguo za nyumba na moja imekosekana, na ndani kuna mtoto analia. Sijawahi kumuomba mtu kitu kwa magoti. Babu yako alinioa kwa kunibembeleza, watoto nimewalea kwa fimbo na mahaba, na majirani wananiogopa. Wewe nakuomba. Mbele ya ukoo wote, wasome waone, bibi yao anaomba. Sitaki simu yako wala vitu. Usitume mtu. Usiniandikie jibu hapa kwenye grupu, nikalisema mie na sauti hii ya kikongwe, maana nimeshajua si neno peke yake analolingoja, ni koo linalolitoa.

Na kama mumeo anauliza unaenda wapi, mwambie kwa mama. Mwanaume anayezuia hilo mlete na yeye, nitaongea naye.

Ukija, njoo magharibi haijaingia. Pitia uani, usinisalimie, usimsalimie mtu, mie nitakuona. Simama nje ya chumba chake, nyuma ya pazia, umngoje aulize. Akiuliza, mjibu vile vile ulivyokuwa unamjibu, usiongeze pole wala kilio. Kisha ingia, chukua kijiko mkononi mwangu, umlishe. Akishalala, njoo jikoni kwangu, uvute kigoda ukae, unifundishe hilo jibu. Akishalisikia kwako kwanza, huenda na kwangu akalipokea. Unirudilie tena na tena mpaka likae mdomoni, nikikosea unipige kofi. Maana wewe utarudi Kimara, na kesho magharibi itaingia tena, na lazima awepo wa kumfungulia.

Mie bibi yako, mke mwenzio wa Keko.